Mawakili Kwenye Pipa la Kunde

Kwa miaka ishirini na miwili fukusi wamenilisha, na mimi nimewalisha wao. Watu wengine wanafuga kuku. Mimi nafuga wadudu wanaobungua kunde, choroko na maharage, na nafanya hivyo kwa mkataba wenye mhuri na haki ya likizo ambayo siipati. Kazini wananiita Mama Fukusi. Mwaka wa kwanza nilikasirika, wa pili nikazoea, na siku hizi mtu akiniita kwa jina langu nageuka kuangalia kama kuna mwingine nyuma yangu.

Kazi yenyewe ni hii. Kituo chetu kinatafuta mbegu ambayo fukusi hawaiwezi, na huwezi kujua hawaiwezi kama huna fukusi. Tena wawe wenye afya, wa umri mmoja, mamia kwa mamia, kila Jumatatu asubuhi. Chumba changu hakina dirisha. Kina joto la kuumulia unga, kina rafu za chuma mpaka darini, na kwenye rafu zimepangwa chupa za kioo zenye midomo iliyofungwa kitambaa chepesi na mpira. Ndani ya kila chupa kuna kunde, na juu ya kunde kuna wao. Ukinyamaza unawasikia wakitambaa, kama mtu anamwaga mchanga kidogo kidogo kwenye karatasi. Wageni husema sauti ile inawatia kichefuchefu. Mimi inaniambia tu kwamba jana nilifanya kazi na leo nitafanya tena.

Watu hawajui lolote kuhusu fukusi, na nimechoka kuwafundisha. Wanadhani yule anayewarukia usoni wakifungua gunia ndiye mla kunde. Yule hali kitu. Siku zake kumi za utu uzima ni za kutafuta mwenzi na kutaga, basi. Jike anagandisha mayai juu ya punje, vidoa vyeupe vidogo kuliko kichwa cha pini, na kifunza kikianguliwa kinatoboa hapo hapo chini ya yai na kuingia ndani. Hukioni tena. Karibu mwezi mzima kinakula chumba chake chenyewe, na kwa nje punje inang'aa vilevile. Ukiona tundu la mviringo, mwenyewe kashatoka na wewe umechelewa. Nimewaeleza haya wanafunzi wa chuo labda mara mia mbili, na kila mara yuko mmoja anayeuliza dawa ipi ni nzuri.

Kwenye rafu ya juu, mkono wa kushoto, ninao fukusi weusi. Fukusi wa kunde wa kawaida ni wa kahawia mwenye mabaka. Miaka kumi na mmoja iliyopita Daktari, mkuu wetu wa maabara, daktari wa wadudu na si wa watu, aliwaona weusi wawili kwenye chupa moja. Akawatenga, akawaozesha watoto wao wenyewe kwa wenyewe, mpaka kikapatikana kizazi cheusi tii kuanzia kichwani hadi nyuma. Tunawatumia kujua chupa ipi imeingiliwa na wa chupa nyingine. Mimi niliwaita mawakili kwa sababu ya lile joho jeusi la mahakamani, na jina likashika hadi Daktari mwenyewe akaliandika kwenye lebo. Huko nje unaweza kukuta mmoja kwa bahati. Hutakuta mia kwenye chombo kimoja hata ungeishi mara tatu.

Kwa hiyo chumba kina sheria. Kina milango miwili, na katikati yake kuna kijichumba chenye kioo na brashi. Unavua koti, unavua kofia, unajipiga brashi, unajikagua kila upande, unasubiri. Na kuna sheria kubwa kuliko zote: aliyetoka humo haendi kwenye ghala la mtu wala jiko la mtu kabla hajaoga na kubadili nguo. Wafanyakazi wapya nawasomea mimi sheria hiyo. Kuna mwanamke wa usafi alimwaga unga, akafukuzwa kazi, kwa kuivunja, na aliyemripoti ni mimi. Alilia sana siku ile, nami nikamwambia sheria ni sheria, kwa sauti ambayo bado naisikia nikiwa naosha chupa.

Sasa mdogo wangu. Tumezaliwa wawili tu. Anashona sare za shule, cherehani yake iko sebuleni chini ya dirisha, na mgongo wake umeshakaa umbo la cherehani. Nyuma ya nyumba yake ndiko kwenye shamba la mama, na shambani ndiko kwenye kunde za mama, nyekundu zenye jicho dogo, ambazo hazipo dukani. Kila mavuno anatoa kikombe hiki kwa huyu, kikombe kile kwa yule, kama mama alivyokuwa akifanya, na zinazobaki anaziweka mbegu ya msimu. Mume wake ni fundi redio, katika zama ambazo watu hawana tena redio za kupeleka kwa fundi.

Shemeji ni mtu wa kesho. Sina namna nyingine ya kumweleza. Si mlevi, si mkali, hajawahi kumnyanyulia mdogo wangu mkono wala sauti. Lakini kila kitu mkononi mwake kinafika nusu na kukaa hapo. Ukuta wa mbele umepakwa rangi hadi usawa wa mkono wake. Mlango mpya wa jikoni umeegemezwa ukutani ukisubiri bawaba, na umesubiri mpaka mchwa wakaanza kuutazama. Mimi na yeye tulikuwa tunataniana kishemeji, bila huruma.

"Shemeji," nilikuwa namwambia, "kiyama kitafika wewe bado unatafuta bisibisi."

"Ndiyo faida yangu," anajibu. "Nitawazika wote. Mimi hata kufa nitachelewa."

Tulicheka. Mdogo wangu alikuwa akicheka nasi zamani, halafu akawa anatabasamu, halafu akawa anaendelea kushona.

Msimu huu nilimfundisha shemeji namna ya kuua mayai kwa jua. Unatandaza kunde juu ya turubai jeusi, unazifunika kwa nailoni angavu, unabana kingo kwa mawe, unaziacha zioke mpaka mkono hauvumilii. Nilimwambia siku tatu mfululizo, ili hata akifanya uzembe wa siku moja tubaki salama. Mdogo wangu alikuwa na mzigo wa sare, siku ya tatu alishinda shuleni akipima wanafunzi. Jioni aliuliza, na shemeji akasema tayari. Kesho yake, Alhamisi, mdogo wangu akanipigia simu kazini.

"Dada, njoo uziangalie kabla hatujafunga pipa. Macho yake mimi siyaamini."

Hiyo Alhamisi nilikuwa nimemwaga na kuosha chupa arobaini, za mawakili zikiwemo. Miguu ilikuwa haina mwenyewe. Nyumba yangu iko upande wa pili wa mji, na kwenda kuoga kisha kurudi kwa mdogo wangu ilikuwa saa nzima na nusu. Nilijikagua kwenye kioo, nikajipiga brashi mara mbili, nikajiambia inatosha. Kuna jambo moja sikulifikiria. Jumapili iliyotangulia mdogo wangu alikuwa amenisuka, nywele nene, na kofia ya kazini ikagoma kuingia. Wiki nzima nilikuwa naipachika tu utosini kama kifuniko cha birika.

Nilifika, nikainamia pipa. Lilikuwa pipa refu la plastiki, kunde zimefika kifuani mwake, na mimi nikaingiza kichwa kizima na mkono hadi begani, nikakoroga, nikanusa. "Safi," nikasema. Shemeji akafurahi kama mtoto aliyepasi. Tukafunga kifuniko, tukazungushia utepe, tukanywa chai.

Wiki tatu baadaye, nikifumua nywele, alianguka fukusi mmoja mkavu mapajani mwangu, mweusi. Nikacheka peke yangu, nikamwambia wakili, kesi imekushinda, nikamtupa. Ndivyo mtu anavyokuwa akishazoea kitu sana.

Pipa lilifunguliwa baada ya wiki kumi, zikiwa zimebaki wiki tatu kupanda. Mdogo wangu hakuhitaji hata kuchungulia. Aliweka kiganja ubavuni mwa pipa akakuta lina joto, maana wadudu wakishakuwa wengi wanachemsha kunde kama mwili wenye homa. Nilipofika, safari hii nimeoga, kifuniko kilikuwa sakafuni na chumba kinanuka unga uliovunda. Walikuwa wanatembea ukutani, kwenye taa, kwenye vitambaa vya sare. Mwanga ulikuwa hafifu na wao walikuwa vidoa vinavyokimbia tu. Kunde za mama zilikuwa maganda yenye matundu.

Mdogo wangu alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani. Shemeji alisimama mlangoni.

"Nilizianika siku tatu," alisema.

"Wewe," mdogo wangu akasema polepole, "umewahi kufanya kitu gani siku tatu?"

"Hizi nilizianika. Jumatatu, Jumanne, Jumatano."

"Kama ulivyoupaka rangi ukuta."

Shemeji akanigeukia mimi. Hilo ndilo ninalolikumbuka, kwamba alinigeukia kama mtu anayemgeukia shahidi wake. "Shemeji, wewe ndiye unayewajua hawa. Pipa lilifungwa, utepe haujaguswa. Wametoka wapi?"

Nikajibu haraka, kama ninavyowajibu wanafunzi, bila kutazama. "Wakitoka ndani ya pipa lililofungwa, basi mayai yalikuwemo. Jua halikuwafika."

Mdogo wangu akainamisha kichwa mara moja, kama mtu aliyepata barua aliyokuwa akiingoja. Mimi nikachota kunde kwenye kikombe, kwa mazoea tu, nikaenda nazo dirishani.

Walikuwa weusi. Nilimimina wengine kiganjani, nikamimina tena. Nilitafuta hata mmoja wa kahawia, mwenye mabaka, nikamtafuta kwa moyo wote kama mtu anayetafuta pete iliyoangukia chooni. Mawakili watupu. Na hapo hapo nikaiona ile kofia utosini, nikajiona nimeinama kichwa ndani, nakoroga.

Nyuma yangu mdogo wangu alikuwa akisema hataki kelele, hataki kuelezwa, anataka tu mtu aondoke. Ningegeuka wakati ule ingekuwa sentensi moja. Nilijua hivyo. Lakini nilifikiria yule mwanamke wa usafi, nikafikiria Daktari, nikafikiria miaka mitatu iliyobaki kabla ya kustaafu, na nikafikiria pia, sitajificha, kwamba ni shemeji, na shemeji amezoea kulaumiwa. Nikamwaga kikombe ndani ya maji ya moto. Nikasema tuwaue hawa kwanza, mengine baadaye.

Kesho yake, Ijumaa asubuhi, shemeji alichukua sanduku lake la vifaa akaenda kwa kaka yake, fundi baiskeli.

Siku nane nilikwenda kazini nikarudi. Niliwahesabu wadudu, nikawapepeta, nikaandika tarehe. Kila nilipofika rafu ya juu ya mkono wa kushoto nilifanya kazi nikiangalia pembeni. Sikuwa na hamu ya kula. Sikuwa hata na majuto yale ya kulia, nilikuwa nimechoka tu, uchovu wa kubeba kitu ambacho hakina pa kushikia. Jumamosi nikapiga moyo konde, nikaenda kwa mdogo wangu.

Alikuwa anashona. Sebule ilikuwa imefagiliwa, pipa limekwisha kuoshwa na kupinduliwa uani. Nikamwambia azime mashine. Akazima. Nikamweleza yote, kofia, nywele, rafu, mawakili, na hata yule aliyeangukia mapajani mwangu. Nilisema kwa mpangilio mzuri kwa sababu nilikuwa nimeyafanyia mazoezi njia nzima.

Alinisikiliza akikunja na kukunjua kola ya shati. Nikamaliza. Akasema, "Najua alizianika."

Sikuelewa. "Unajua vipi?"

"Niliziuma. Asubuhi ile ya kufunga pipa, wewe hujafika. Nilichukua punje toka juu, katikati na chini, nikauma. Zilipasuka kama kokoto. Na uani mawe yalikuwa bado yamepangwa mstari, na nyasi chini ya turubai zimekuwa njano. Nyasi haziwi njano kwa siku moja."

"Sasa mbona ulimwambia..."

"Nimechoka, dada." Alisema bila hasira, kama anavyosema uzi umekwisha. "Miaka ishirini kila kosa lake ni dogo. Mlango, ukuta, bomba. Ukimlalamikia unaonekana mchokozi, mtu mwenyewe mpole, anakuitikia. Hakuna hata moja ninaloweza kulishika nikasema basi. Nilipoona wale wadudu, unajua nilisikia nini? Raha. Mbegu ya mama inaoza mbele yangu na mimi nasikia raha, kwa sababu safari hii kuna kitu cha kuonyesha watu."

Nilikuwa nani wa kumhukumu.

"Siku nane," akasema, "nimeamka na nyumba iko kama nilivyoiacha. Sijasikia neno kesho. Nakula nikisikia njaa. Dada, niache kidogo. Usimwambie. Simwombi talaka, sijui hata naomba nini. Nataka kupumzika, na nikimwita leo atakuja na huruma zake, nami nitakuwa mkosaji, nitampikia kwa kujipendekeza mwaka mzima."

"Na yeye?"

"Yeye yuko kwa kaka yake, ana pa kulala, anakula. Na kazi yako inabaki salama. Daktari hatajua." Akawasha mashine. "Wote tunapata."

Nikasema sawa. Mimi ni dada mkubwa, nimemlea, na kwa mara ya kwanza tangu mama afariki alikuwa ameniomba kitu. Zaidi ya hayo nilipata nafuu, na ile nafuu ilinitia aibu kuliko kosa lenyewe. Niliondoka nikiwa nimepoteza haki ya kumlaumu mtu yeyote duniani, na nikaona ni mzigo mwepesi.

Kesho yake, Jumapili, shemeji alinitumia ujumbe. Aliandika hivi: Shemeji samahani kwa usumbufu, nahitaji jicho lako, ukipata nafasi.

Ningeweza kusema sina nafasi. Lakini nilishaoga tangu asubuhi na nguo zilikuwa safi, na sikuwa na uongo mwingine tayari.

Uani kwa fundi baiskeli kulikuwa na magurudumu yametundikwa ukutani, na chini yake, kwenye jua lote lililokuwepo, zilipangwa sinia, beseni, kifuniko cha sufuria, hata kile kibao cha nyuma cha redio kubwa. Kila kimoja kilikuwa na kunde nyekundu zenye jicho dogo, chini ya nailoni iliyobanwa kwa misumari na spoku. Kwenye kila kimoja alikuwa amebandika utepe wenye maandishi: Mkunga. Mwalimu mstaafu. Yule wa duka la taa. Binti wa mkunga.

"Nimewazungukia," alisema. "Wote ambao mdogo wako aliwahi kuwapa mbegu. Wengine walikuwa wamebakiza kikombe, wengine nusu, mmoja ngumi moja tu, alikuwa ameiweka kwenye soksi. Vikombe kumi na kimoja hivi. Havijai shamba lakini mbegu haipotei." Alikuwa amekonda. Ndevu zilikuwa zimemjaa na macho yamemwiva kwa jua. "Sijapeleka bado. Naogopa. Nataka uniambie kama zimekauka."

Niliinua nailoni moja. Joto likanipiga usoni. Zilikuwa zimekauka kupita kiasi, mtu yeyote angeziona.

"Siku ngapi hizi?"

Akatoa daftari mfukoni. Shemeji, mtu ambaye sijawahi kumwona ameandika hata orodha ya dukani, alikuwa na daftari lenye mistari ya rula. Tarehe, saa ya kutandaza, saa ya kufunika, saa ya kugeuza, mawingu. "Ya leo ni siku ya saba," alisema. "Nazigeuza kila saa. Na kila jioni nauma." Akafungua mdomo kunionyesha. Jino la nyuma lilikuwa limevunjika upande, na ufizi umevimba.

"Shemeji, siku mbili zilitosha. Nilikwambia tatu kwa tahadhari tu."

"Najua ulisema tatu." Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akajifuta shingo. "Na mimi nilikuwa nasema nilianika tatu. Nilikuwa na hakika. Lakini mtu akikaa peke yake anafikiri. Jumatatu naikumbuka, jirani alikuja na redio. Jumanne naikumbuka, nailoni ilipeperuka nikaikimbiza. Jumatano nimeitafuta, siioni tena. Labda nilikusudia tu. Mimi kwani si ndivyo nilivyo, nikikusudia naona kama nimefanya. Watu wawili wenye akili wakikwambia hukufanya, wewe utakuwa nani." Akatabasamu. "Kwa hiyo sasa naandika."

Nilikuwa nimekuja na ahadi niliyompa mdogo wangu. Niliiheshimu hadi hapo. Nikavuta ndoo nyingine nikakaa mbele yake, nikamwambia Jumatano alizianika. Nikamwambia zilikuwa siku tatu kamili, na pipa lilikuwa safi mpaka mimi nilipoingiza kichwa changu. Nikamweleza weusi. Safari hii sikusema kwa mpangilio, nilirudi nyuma na kusahau.

Hakuniangalia. Aliangalia sinia la mkunga.

"Weusi wote?" akauliza.

"Wote. Hawapo kokote isipokuwa kwenye rafu yangu."

"Kwa hiyo nilianika."

"Ulianika, shemeji."

"Jumatano pia."

"Jumatano pia."

Midomo ikamcheza kama anayehesabu. Nilingoja anitukane. Ningemshukuru angenitukana. Badala yake akauliza kama kazini wanajua, nikasema bado, nitamwambia Daktari kesho.

"Usimwambie," akasema. "Kwa kunde za pipa moja? Umebakiza miaka mitatu. Mbegu nimeshaipata, imekwisha hiyo. Mtu akichoka anakosea, mimi nisijue?" Kisha akainua uso. "Na mdogo wako, anajua?"

Hapo ndipo pagumu kuliko pote nilipopita, na nilipita kwa sekunde moja. Kosa langu nilikuwa nimelitoa. La mdogo wangu halikuwa langu kulitoa. Na nilimwona usoni kwamba kitu kimoja kilikuwa kimemrudia baada ya siku tisa, na kile kingine kingemuua.

"Hajui," nikasema.

"Maskini." Alisimama. "Kumbe amekaa siku zote hizi na hasira ya bure. Unajua anavyoumia akishakasirika, mgongo unamkaza, halali." Tayari alikuwa anafungua bomba, ananawa uso, kwapa, miguu. Akaingia ndani akatoka na shati la kaka yake, akafunga vifungo akienda, kimoja akakikosea. "Mimi ndiye nitakayemwambia. Wewe usipige simu, tafadhali. Hili lazima alisikie kwangu."

"Shemeji, ngoja kwanza. Nenda jioni. Nenda kesho."

"Kesho?" Akacheka kweli kweli, na lile jino likaonekana. "Leo wewe ndiye unaniambia kesho?"

Akamimina sinia la mkunga kwenye mfuko wa kitambaa, ziwe ushahidi, alisema, aume mwenyewe ajionee. Akaniachia daftari na kalamu, akanionyesha mstari wa saa nane ambao haujajazwa, akaniomba nizigeuze zilizobaki muda ukifika. Alikwenda kasi, mfuko kifuani. Kwenye kona aligeuka akanipungia mkono.

"Atafurahi sana," alisema kwa sauti, ili nisikie.

Nilikuwa na simu mkononi. Kutoka pale hadi kwa mdogo wangu ni mwendo wa dakika ishirini, na kwa mwendo ule aliokuwa nao labda kumi na tano. Nilibonyeza namba ya mdogo wangu, nikaitazama, nikaifuta. Sikujua namna ya kumwambia mtu aliyechoka kwamba ajiandae kufurahi.